Bazovuga na Vyungu Vyake

Sisi tulioanza kutembea wakati bendera ya Mdachi inapepea kule Usumbura tumebaki wachache, na tukikutana sokoni hapa Rumonge tunatambuana kwa jambo moja. Tukimwona mbwa njiani, hatumrushii jiwe kabla hatujamtazama usoni. Watoto wa siku hizi, ama wanakimbia huku wanapiga yowe, ama wanaokota jiwe. Mbwa hajawafanya lolote, masikini, anapita zake tu. Enzi zetu mbwa wa mtaa ulimjua kwa jina, ulimjua mama yake, na ulijua jana amekula wapi. Nami naweza kusahau nimeweka wapi funguo zangu asubuhi hii, lakini Bazovuga simsahau.

Nianze na mtaa wetu. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, zimejipanga kufuata ziwa, na nyuma yake michikichi mpaka miguuni pa milima. Wenyeji wa mtaa walikuwa watu waliokuja kutoka Ujiji, na wengine ng'ambo ya Kongo, Wamanyema, na wake waliooana nao hapa hapa. Asubuhi ukiamka unasikia watoto wa chuo cha Kurani wanavyosoma kwa sauti, kila mmoja aya yake, na Maalim wetu akimsahihisha wa mwisho kabisa bila hata kuinua kichwa. Ukitoka nje pua inapokea mawese yanayochemka kwenye masufuria makubwa, halafu harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani. Nyinyi mnaokula ndagala wa dukani waliokaa kwenye gunia hamjui ninachosema. Ndagala wa jua la siku ile ile, ukiwatia kwenye sombe, yaani kisamvu, lenye mawese, na ugali wa muhogo moto, weee! Unakula huku unaimba.

Na mbwa walikuwepo. Hawakuwa wa mtu. Waislamu wa pwani ile hawakufuga mbwa, na sababu mnaijua: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba sharti kioshwe mara saba, mara moja kwa mchanga. Kwa hiyo mbwa walikuwa wa mtaa mzima. Walilala chini ya mitumbwi iliyopandishwa ufuoni, wakala vichwa vya samaki, wakafukuzwa mlangoni pa kila nyumba, kisha kesho wakarudi kwenye mlango ule ule wakitikisa mkia. Hakuna moyo kama ule. Binadamu ukimfukuza mara moja tu, anakunyima salamu mpaka kiama.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Watu walimwita Mama Zuhura, kwa jina langu. Mbwa akikilamba chungu chake, hakukiosha mara saba wala mara sabini. Alikichukua, akakitoa nje, akagonga mdomo wa chungu kwa jiwe mpaka kipande kikatoka. Chungu kilichomegwa mdomo hakirudi jikoni. Alama ile kila mtu mtaani aliijua: hicho sasa ni cha mbwa. Watwa, wafinyanzi wa kule juu, walishuka mlimani na vyungu vipya, Mama akawapa ndagala, akarudi jikoni amenuna. Baba akimtania, "Mke wangu, wewe unawapikia mbwa au unatupikia sisi?" Mama hakucheka.

Ukali ule ulikuwa na mizizi. Mama hakuzaliwa mtaani. Alizaliwa juu mlimani, Mrundi, binti wa mwindaji, na aliingia dini alipoolewa na Baba, ambaye alikuwa fundi wa mitumbwi kutoka Ujiji. Mtaa ulimpokea, siwezi kusema vingine. Lakini ulimpokea ukiwa umemkazia macho. Jirani yetu Mama Asumani, mwanamke mnene wa kutoka ng'ambo, mcheshi, mwenye ulimi usiolala, aliwahi kusema mbele ya wanawake wakichota maji: "Mutu wa mulimani ni mutu wa mulimani. Atavaa kanga, atafunga ushungi, lakini siku moja utaona." Mama alisikia. Tangu siku ile akawa anaswali wa kwanza, anafagia uwanja mara mbili, na Kirundi hakikusikika nyumbani kwetu. Baba hakumkataza, ni yeye mwenyewe. Nikiokota neno la Kirundi sokoni nikaja nalo nyumbani, alinifinya sikio: "Hapa tunasema Kiswahili."

Sasa ndiyo nifike kwa Bazovuga.

Alikuja na mzee mmoja mwindaji aliyeitwa Bukuru, aliyekuwa akishuka kutoka mlimani kuleta ngozi na asali. Mbwa wa kule juu hawabweki. Wana midomo myembamba, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na wamenyamaza kama watu waliokula yamini. Ndiyo maana mwindaji humfunga mbwa wake kengele shingoni, ajue yuko wapi porini. Na akitaka mbwa anyemelee mnyama bila kelele, anaijaza kengele nyasi, inakuwa bubu. Warundi wa zamani humpa mbwa jina linalowalenga majirani. Bazovuga maana yake ni watasema. Sijui majirani wa Mzee Bukuru walimsema nini mpaka akampa mbwa wake jina hilo, lakini kila alipomwita pale mtaani, wanawake walitazamana.

Malale yalimchukua Mzee Bukuru. Nyinyi mmesikia habari za malale, ule ugonjwa wa usingizi, yalivyowalaza watu wa ufuo huu mchana kweupe na vijiko mikononi. Alifia kwenye kambi ya wagonjwa ya Wadachi, na mbwa wake akashuka mtaani peke yake, kengele inalia polepole, akaja akalala mbele ya mlango wetu. Kwa nini wetu, kati ya nyumba zote? Mama alitoka na ufagio. "Toka! Toka hapa!" Bazovuga akasogea kidogo, akalala tena.

Jamani, mbwa yule alikuwa na akili. Kwanza alijifunza ile sheria ya vyungu. Chungu akikilamba, kinakuwa chake! Basi akawa anavizia. Mama akiinama kuchochea moto, ulimi umeshaingia. Kelele, jiwe, ko! Mdomo umemegwa, chungu kimetoka nje. Baada ya muda vyungu vyake vilijipanga nyuma ya jiko letu, kikubwa, cha kati, cha mboga, hata kimoja chenye mapambo ambacho Mama alikipenda kweli. Baba alisema mbwa huyu anajiandaa kuoa.

Lakini alikuwa na kazi zake, na hakuna aliyemfundisha. Ndagala wakianikwa, mwewe na kunguru hawakauki angani. Kabla yake sisi watoto tulikaa juani na vijiti kutwa nzima, tunaungua, tunasinzia, tunapigwa. Bazovuga alipokuja, alilala kwenye kivuli cha mtumbwi, jicho moja wazi. Ndege akitua, unasikia kengele tu, ndege hayupo. Ndagala wenyewe hakuwagusa. Alilinda wa Mama Asumani sawasawa na wetu, ingawa Mama Asumani alikuwa akimwagia maji ya moto. Sisi watoto tukaenda zetu kucheza kibe, kujifichana kwenye matete, na hata huko alikuja kila baada ya muda, kengele yake inapita, anatuhesabu, anarudi kazini.

Na maji! Wakati ule mamba walikuwa wengi. Wanawake wakifika ufuoni na mitungi walisimama kwanza, wanamsubiri mbwa. Pale alipokubali kunywa, walichota. Pale alipoinua kichwa na kurudi nyuma, hakuna aliyetia mguu. Mama Asumani alichota pale pale aliponywa Bazovuga, halafu akirudi nyumbani anasema mbwa ni laana. Tulimcheka chini chini.

Siku moja jioni nilikwenda nyuma ya jiko kutafuta kuni, nikasikia sauti ya Mama, laini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Amechutama. Mbele yake Bazovuga, na chungu kile cha mapambo, na kichwa kizima cha samaki sangala ndani yake. "Urashonje?" Mama anamwuliza. Una njaa? Halafu akaendelea na Kirundi chake, kirefu, chenye kupanda na kushuka, anamweleza mambo, na mbwa anamsikiliza masikio yamesimama. Nilirudi nyuma bila kuni. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba mama yangu alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye lugha ya kwao, na mtu huyo alikuwa mbwa. Kesho yake asubuhi alimfukuza mlangoni kwa ufagio, mbele ya majirani, kama kawaida.

Ikaja amri. Kule Minago mbwa mwenye kichaa alikuwa amewauma watu, na mmoja wao akafa kifo kibaya. Boma likasema mbwa wote wa ufuoni wasio na mwenyewe wapigwe risasi. Siwezi kulilaumu boma kwa hilo, mtu alikuwa amekufa. Mwenye mbwa ajitokeze, amwite mbwa wake mbele ya askari, mbwa aje, amfunge kamba. Mbwa asiyeitika mtu ni mbwa wa porini. Basi.

Fikirini sasa. Mtaa mzima wa Waislamu, na mbwa wote ni wa mtaa. Nani atasimama aseme mbwa ni wangu? Wanaume walikohoa wakatazama ziwa. Baba alikuwa amekwenda Ujiji kutafuta misumari. Nyumbani tulikuwa mimi na Mama.

Asubuhi askari walipofika, Mama alifanya jambo lililonifumbua macho. Alimwita Bazovuga ndani. Ndani ya jiko! Akavuta nyasi kwenye paa la jiko, akazisokota, akaijaza kengele kwa vidole viwili, haraka, kama mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Kengele ikafa. Akamlaza nyuma ya mikungu ya ndizi, akaegemeza ubao mlangoni. "Wewe," akaniambia, "hujaona kitu."

Tukaitwa wote uwanjani karibu na ufuo. Askari mkubwa alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa kinachofunika shingo, na Kiswahili chake cha pwani kilitiririka. Hakuwa mtu mbaya, alionekana amechoka tu. Mbwa wengine walikuwa wamekusanywa na kufungwa kwenye mtumbwi, wanatutazama mmoja mmoja. Tulikuwa tumewajua tangu wakiwa vitoto. 

Ndipo mwewe wakaja. Wanawake wote walikuwa uwanjani, ndagala wa mtaa mzima wako juani, na hakuna mlinzi. Mmoja akashuka, wa pili, wa tatu, na kunguru nyuma yao wanapiga makelele. Nikamwona Mama anafumba macho.

Ubao wa jiko ukaanguka. Bazovuga akatokea mbio, kimya, kengele haina sauti, akapita katikati yetu moja kwa moja mpaka kwenye ndagala. Hakutazama bunduki wala watu. Alikuwa na kazi yake. Alianza kwa ndagala wa Mama Asumani, kwa sababu ndio waliokuwa wameshambuliwa zaidi.

Askari akainua bunduki. "Huyu wa nani?"

Mama Asumani akawa anahangaika, anavuta ncha ya kanga. "Ni ya mutaa, bwana," akasema. "Iko mbwa muzuri, hii. Inatulindia samaki."

"Mtaa si mtu, mama. Boma linataka mtu. Nani anamwita akaja?"

Mvuvi mmoja akajaribu. "Bazovuga! Njoo!" Mbwa hakugeuka. Sisi watoto tukapiga kelele, tukapiga miluzi, tukalia. Hakugeuka, yuko na mwewe wake. Mzee Bukuru alikuwa amemfunza kwamba akiwa kazini anaitika wito mmoja tu. Askari akaweka shavu kwenye bunduki.

Mama akatoka mstarini.

Nakumbuka alivyotembea. Alikuwa amefunga ushungi vizuri, hakuna unywele uliotokeza, mwanamke wa Kiswahili asiye na doa. Akasimama mbele ya mtaa wote, mbele ya Maalim, mbele ya Mama Asumani, akaweka mkono mdomoni, akatoa sauti ndefu ya juu, sauti ya wawindaji inayovuka bonde hadi bonde. Kisha akasema kwa Kirundi cha kwao, hakukipunguza wala kukipaka sukari:

"Bazovuga! Ngwino hano!"

Njoo hapa. Mbwa akaacha mwewe hewani. Akageuka, akaja mbio mpaka miguuni pake, akakaa. Mama akapiga magoti, akachomoa nyasi kwenye kengele, na kengele ikalia. Akapokea kamba kwa askari, akamfunga. Bazovuga akainua kichwa akamlamba mkono, kiganja na vidole vyote, polepole, mbele ya macho ya kila mtu. Mama hakuuvuta mkono wake.

"Ni wangu," akasema. "Baba yangu alikuwa mwindaji. Mimi ni mtu wa mlimani."

Askari akashusha bunduki. "Unamlisha?"

Hapo nikasahau woga. "Ana vyungu vyake nyuma ya jiko!" nikapayuka. Askari akaenda kutazama, akarudi anatikisa kichwa. "Wallahi, mbwa huyu ana vyombo kuliko mke wangu." Watu wakacheka kidogo, kisha wakamgeukia Mama, maana alikuwa bado amepiga magoti na mkono wake umelowa, na hakuna aliyejua mtaa utasema nini.

Maalim ndiye aliyesogea. Mzee yule ambaye hakuwahi kuinua kichwa akifundisha. Aliingia kwa jirani akatoka na kata ya maji, akainama akachota mchanga safi kwa mkono wake, akasimama mbele ya Mama. "Toa mkono, mwanangu," akasema. Akammiminia yeye mwenyewe, akamsugulia mchanga, akammiminia tena na tena mpaka hesabu ikatimia. Hakutoa mawaidha. Alipomaliza alimwambia, "Umetakata. Nenda kaangalie ndagala zako."

Mama akalia pale. Nami nikalia. Na Mama Asumani, jamani, Mama Asumani akapasua umati kama mtumbwi kwenye matete, akaenda kwenye wale mbwa waliofungwa, akamshika mmoja shingoni. "Na hii iko yangu!" Alikuwa amemshika yule aliyemwibia kuku. Akamwita, na mbwa, sijui kwa kumbukumbu ya kuku au kwa huruma, akamfuata. Basi wakatoka wengine, mmoja mmoja, na Maalim akabaki na kata yake mkononi mpaka mtungi ukaisha. Siku hiyo hakuna risasi iliyolia Rumonge.

Tangu hapo Kirundi kilisikika kwetu mchana kweupe. Mama alinifundisha hadithi za kwao na ule wito wa wawindaji, na Baba aliporudi na misumari yake alikuta mke anayeimba. Bazovuga bado alifukuzwa mlangoni kwa ufagio, msidhani. Lakini siku Watwa waliposhuka tena, Mama alinunua chungu kimoja zaidi, kizuri, mdomo mzima, akampelekea nyuma ya jiko bila kukimega. Mbwa alizeeka nacho. Alifia kando ya majivu ya jiko letu, na Mama akachimba shimo mwenyewe, hakutaka msaada. Kengele aliibakiza.

Leo mtaa una mabati, una baiskeli, una redio inayosema kutwa nzima bila kumsikiliza mtu. Mbwa wa siku hizi wanafungwa minyororo, wanapewa majina ya Kifaransa, wanabwekea hata anayekuja kuleta salamu. Ndagala wanalindwa na watoto waliolala. Na wajukuu wetu wanaona haya tukiwasalimu kwa Kirundi, "amahoro", mbele ya rafiki zao wa shule.

Mjukuu wangu Mariamu ana mbwa, ameletewa na baba yake. Mbwa kazaliwa hapa hapa, mkia umejikunja, masikio yamesimama, anaitwa Medori. Juzi alikata kamba akakimbilia njiani, na Mariamu anamfuata kwa Kifaransa cha shule, anamwita, anamsihi, analia, na lori la mawese linateremka. Mbwa hageuki. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani. Nikaweka mkono mdomoni. Pumzi si ile ya zamani, lakini sauti ile ya Mama ilitoka. "Ngwino hano!"

Alikuja mbio mpaka miguuni pangu, akakaa, akanilamba mkono, kiganja na vidole vyote. Lori likapita. Mariamu akasimama amepigwa na butwaa, macho yamemtoka. "Bibi! Najisi!"

"Najua," nikamwambia. "Kalete maji na mchanga. Wala usikimbie, mwanangu. Niache nikae naye kidogo."